Mageti meusi yako mengi: kinasi inajuaje protini yake?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nasoma sayansi mwaka wa pili hapa Dodoma. Tumefundishwa kwamba kinasi, kile kimeng'enya, inabandika fosfeti kwenye serini (mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini), sasa serini si zimejaa kila protini? Inajuaje ibandike ipi? Na je nikiona mfuatano wa asidi amino za protini naweza kusema "hapa lazima fosfeti ikae"? Nilipouliza nikaambiwa ni ufunguo na kufuli, basi. Sijaridhika. (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Mdogo wangu, hata mimi nisingeridhika. Hebu fikiria unamwelekeza bodaboda aje kwenu Nkuhungu, ukamwambia tu "geti jeusi". Atazunguka mpaka mafuta yaishe. Utamwambia geti jeusi, kabla yake kuna maduka mawili ya mkaa yamefuatana. Serini ndo geti, majirani zake ndo maduka.

Chukua PKA, kinasi mojawapo. Yenyewe inapenda arginini mbili (nazo ni asidi amino) zitangulie, halafu asidi amino moja ya aina karibu yoyote, ndo ije serini au threonini, asidi amino inayofanana nayo. Kwa nini arginini? Ina chaji chanya, na pale PKA inaposhikia protini kuna glutameti zenye chaji hasi, so zinavutana na serini inakaa sawasawa mbele ya ATP, molekuli yenye fosfeti tatu. Hapo oksijeni ya serini inaishambulia fosfeti ya tatu ya ATP, ile ya mwisho, magnesiamu ikisaidia kuishikilia, fosfeti inahamia kwenye serini na ADP, yaani ATP iliyobaki na fosfeti mbili, inaondoka zake. Fosfeti imekuja na chaji hasi, protini inajikunja upya, basi kazi yake inabadilika.

Ila majirani peke yao hawatoshi. ERK, kinasi nyingine, kwa mfano inataka prolini tu ikae baada ya serini au threonini, sasa hiyo ni anwani gani bwana, prolini ziko kibao! Ndo maana inaikamata pia protini sehemu nyingine kabisa, mbali na serini yenyewe. Halafu kuna suala la kijiwe: PKA inafungwa mahali maalum ndani ya seli na protini zinaitwa AKAP, yaani bodaboda ameshapaki mtaani kwenu kabla hujampigia, na abiria wa kwanza kumpata ni jirani.

Mfano wa kwenye mwili wako: mbwa akikukurupusha usiku, adrenalini inapanda, PKA inaamka, inabandika fosfeti kwenye kinasi nyingine, na hiyo nayo inabandika kwenye fosforilezi (kimeng'enya cha kuvunja glaikojeni), serini iliyo nafasi ya 14 tu, glaikojeni ya msuli, yaani akiba ya sukari, inaanza kuvunjwa unapata nguvu za kukimbia. Kazi ya fosforilezi ndo iliwapa Edmond Fischer na Edwin Krebs Nobel mwaka 1992 (huyu siyo Krebs wa saiko ya Krebs, ile ya nishati kwenye seli, yule ni Hans, wengi mnawachanganya kwenye mtihani).

Sasa swali lako la pili: hapana, huwezi kusema "lazima". Unaweza kukisia tu. Mfuatano unaweza kuwa mzuri kabisa lakini serini imejificha ndani protini ilivyojikunja, kinasi haiifikii. Au kinasi na protini haziko sehemu moja ya seli. Na hata ikibandikwa, fosfatezi zipo zinabandua.