"Kama ni kweli, mbona hakusema siku ile?"

SWALI: Mtoto wa mdogo wangu ana miaka 19, tunakaa Kadutu, Bukavu. Juzi ndipo ameniambia kwamba rafiki ya kaka yake alimbaka, miezi mitatu iliyopita. Baba yake anauliza mbona hakupiga kelele, mbona alinyamaza. Familia ya kijana inataka kuleta mbuzi na pesa, yaishe. Nifanye nini? – Mama Mkubwa

JIBU: Mama, kukawia kusema si dalili ya uongo. Mbakaji akiwa mtu anayekula kwenu, binti hupiga hesabu kwanza: kaka atamwamini nani? Baba atamlaumu mama? Mchumba akisikia je? Wengine huogopa kuozeshwa kwa huyohuyo. Wengi hujaribu kwa neno dogo, "sitaki huyu aje tena hapa", wapime litapokewaje. Wakijibiwa kwa ukali, hufunga mdomo.

Kuhusu kelele: mwili ukishikwa na woga mkubwa huganda, sauti isitoke. Sheria ya Kongo ya 20 Julai 2006 inasema wazi kwamba kunyamaza au kutopigana si kukubali, na kwamba faini ya mapatano, ile inayolipwa ili mambo yaishe bila hukumu, haiizimi kesi. Mbuzi huyo msimpokee. Akishapokelewa, binti ataelewa kuwa bei yake imelipwa, na hatawaambia tena neno.

Mwambie, "Nakuamini, si kosa lako." Asiitwe kusimulia mbele ya kikao cha familia, muulize yeye anataka nani ajue. Mpeleke hospitali, kwa mfano Panzi, ambako waliobakwa hutibiwa bure. Apimwe mimba, kaswende, homa ya ini B na virusi vya sida (baada ya miezi mitatu jibu lake ni la kutegemewa), tena aonane na mshauri wa kisaikolojia. Matibabu hayangoji polisi. Kushtaki aamue mwenyewe, na akishtaki anaweza kuomba kesi isikilizwe faragha.

Kwa wasomaji wengine: aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72, aanzishiwe dawa za kuzuia virusi, za kumeza siku 28. Dawa ya kuzuia mimba hufaa hadi saa 120, ila kila siku inayopita nguvu yake hupungua. Nguo zisifuliwe. Zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa ndani ya plastiki unyevu huharibu ushahidi. Na kama amekwisha kuoga, aende vilevile: wengi hubaki nyumbani kwa sababu hiyo tu, dawa zikawapita.