Maswali ya Wasomaji: Medali ya babu na safari ya Mahiwa

SWALI: Baba yake babu yetu alikuwa askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Alipigana Mahiwa, mkoani Lindi, akarudi salama, lakini wenzake wengi walibaki huko. Ametuachia medali moja, imekuwa nyeusi. Mwezi wa kumi ukoo unataka kwenda kuwasomea dua wale wenzake. Tuanzie wapi, na makaburi yao yako wapi?
Msomaji, Masasi

JIBU: Anzeni na medali kabla ya kutafuta gari. Kule Mahiwa askari Waafrika walikuwa pande zote mbili, wa Waingereza na wa Wajerumani, kwa hiyo jueni kwanza mzee wenu alikuwa upande gani. Ikiwa uso mmoja una kichwa cha mfalme na wa pili una mtu juu ya farasi pamoja na miaka 1914 na 1918, hiyo ni medali ya Waingereza. Ni ya fedha, na weusi huo ni wa fedha iliyokaa muda mrefu tu. Msiisugue kwa majivu, mchanga wala limau! Maandishi mnayoyahitaji yako kwenye ukingo, na ndiyo yanayolika kwanza. Ishikeni karibu na dirisha ili mwanga uipige ubavuni, muizungushe kidogo kidogo huku mkipiga picha kwa simu. Mtasoma namba, cheo, jina na kikosi, herufi K.A.R. ni King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Nakilini jina lilivyo hata kama limeandikwa vibaya, maana karani aliandika alivyosikia. Katika kutafuta kumbukumbu, namba itawafaa kuliko jina.

Makaburi ndiyo sehemu ngumu. Mapigano yalikwenda tangu tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Waingereza walikuwa na watu wapatao 4,900, na kama 2,700 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Wajerumani wapatao 1,500 walipoteza kati ya 500 na 600. Msitegemee kukuta safu ya mawe yenye majina. Mwaka 1968 makaburi 660 yalihamishiwa eneo jipya la makaburi ya vita Dar es Salaam, na baadaye mengine yakaletwa kutoka mikoani. Lakini askari na wapagazi wengi Waafrika hawakuwekewa jiwe wala kuandikwa majina. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri hivyo mwaka 2021. Hata Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, pale katikati ya Dar es Salaam, haina jina la askari hata mmoja. Kwa hiyo dua isomeni palepale Mahiwa, na iwe ya wote: Wanigeria wa jeshi la Waingereza waliozingirwa pale wamo, na askari wa Mjerumani pia wamo. Kwa maoni yetu ukoo ukichagua upande utakuwa umekosea, kwani huenda wajomba zenu walikuwa ng'ambo ya pili.

Kutoka Masasi mtapita Ndanda, kisha mkifika Nyangao mko jirani na Mahiwa. Mtangulizeni mtu mmoja kwa mwenyekiti wa kijiji wiki moja kabla. Oktoba nyasi ni fupi na mvua bado, ila ni msimu wa korosho: wenye mashamba wako kazini, na kundi la watu likikanyaga chini ya mikorosho litaharibu korosho zilizoanguka. Ombeni sehemu iliyokwisha kuokotwa. Dua imalizike kabla ya saa nne asubuhi, jua halijawa kali kwa wazee. Msijenge kitu cha saruji kwenye shamba la mtu.

SWALI: Tukilima tunaokota vyuma vya vita. Vina hatari?
Msomaji, Mtama

JIBU: Ganda la risasi lililo wazi mdomoni ni tupu. Lenye risasi bado kichwani liacheni, na kamwe msilitie motoni. Kinachoua ni kombora la mzinga: kutu haiizimi baruti, na kifyatuzi chake kikishalika huenda kikafyatuka kwa kuguswa tu. Usiligonge kwa jembe wala usimpelekee mnunuzi wa chuma chakavu. Weka kijiti chenye kitambaa hatua kadhaa pembeni, ondoa watoto, mjulishe mtendaji wa kijiji naye awaite polisi. Na kipande hicho cha shamba msikichome moto mpaka wakubwa wa kazi hiyo wafike.