Moshi wao, mikoko yetu?

SWALI: Assalaam alaykum mhariri. Mimi ni mkata boriti hapa Lamu, kila siku twaambiwa tupunguze kukata mikoko ati dunia inapata joto, na huku nchi tajiri viwanda vinafuka moshi usiku na mchana. Haki iko wapi hapo?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Uchungu wako nauelewa, Afrika nzima moshi wetu haufiki hata asilimia 5 ya moshi wa dunia, na hao matajiri 2009 kwenye mkutano wa tabianchi kule Copenhagen waliahidi kuzisaidia nchi maskini kwa dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020 na mwaka ulipofika hazikutimia. Hilo ni deni, tuwadai bila kuona haya.

Lakini mikoko si yao bwana, ni yetu. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na maji yakijaa we angalia pale kwenye mizizi utaona kamba wadogo na vifaranga vya samaki wamejificha, sasa ukifyeka pale nduguyo mvuvi atavua nini? Wazee walikuwa wakichagua, huu wa fito, huu wa pau, huu wa boriti, mwingine unaachwa ukue, na vyumba vya nyumba za mjini vikawa vyembamba kwa kufuata urefu wa boriti. Mimi naona mkae na wavuvi na kina mama wanaouza kaa muamue sehemu gani ipumzishwe, na mkataji anayepumzika alipwe, pesa za wenye moshi ndiyo kazi yake hiyo.