Maswali yenu kuhusu QR: mraba unapojaa kupita kiasi

Mteja wangu wa kadi za biashara anataka QR ibebe jina, cheo, namba mbili, barua pepe, sanduku la posta na tovuti. Kwenye kompyuta inasomeka, ikishachapwa simu inagoma. Nibadilishe printa? *(Mchapaji, Mwanza)*

Printa haina kosa, ndugu yangu. Maneno ndiyo mengi. QR ya kawaida, ule mraba wa visanduku vyeusi na vyeupe, ina saizi 40: ndogo kabisa ni visanduku 21 kwa 21, na kila ukipanda saizi moja kila upande unaongezeka visanduku vinne, hadi 177 kwa 177. Taarifa hizo zikifika herufi 150, na umechagua H, kiwango cha juu kabisa cha kurekebisha makosa, utapata visanduku 65 kwa 65. Vibane kwenye sentimita mbili: kila kimoja kinabaki na milimita 0.3. Wino ukitambaa kidogo tu, vyeusi vinamezana. Kwa kiwango cha chini, L, herufi zile zile zinaingia kwenye 45 kwa 45, milimita 0.44. Lakini weka linki fupi ya herufi 26 kwa kiwango M, kinachofuata juu ya L, uone: 25 kwa 25, milimita 0.8. Hata simu yenye kamera hafifu inasoma. Sanduku la posta si limeshaandikwa kwenye kadi? Linarudiwa la nini?

L, M, Q, H: nichague ipi? Mimi huweka H kila mahali kwa usalama.

Usalama huo unaulipia. L huokoa takriban asilimia 7 ya data iliyoharibika, M 15, Q 25, H 30. Uokoaji huo hufanywa kwa hesabu ya Reed na Solomon ya mwaka 1960, ambayo kwa kila baiti moja (kipande cha data, kama herufi moja hivi) iliyokosewa inadai baiti mbili za akiba, nazo zinakaa ndani ya mraba ule ule. QR ya 21 kwa 21 ina baiti 26 tu. Kwa H, 17 zinakwenda kwenye akiba, mbili hivi kwenye maelezo ya data yenyewe, na wewe unaambulia nafasi ya herufi 7. Kwa L ungepata 17.

Denso Wave ya Japani ilipoitoa QR mwaka 1994, ilikuwa ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani, na huko grisi na mikwaruzo ni vitu vya kila siku. Stika ya bajaji au ya gereji ipe Q au H. Menyu ya mezani na risiti, M inatosha. Kuipa H menyu iliyopigwa plastiki naona ni ubadhirifu.

Nimeweka nembo ya duka katikati, imechukua karibu theluthi ya QR. Si H inavumilia asilimia 30? *(Muuza vitenge, Tanga)*

Dada, hiyo ni asilimia ya baiti, si ya eneo. Baiti moja ni visanduku vinane. Kimoja kikisomwa vibaya, baiti nzima imeharibika, kwa hiyo kingo za nembo huharibu zaidi ya kile unachokiona kimefunikwa. Tena ukiimaliza akiba yote kwa nembo, mkwaruzo wa kwanza dukani ndio mwisho wa stika. Mimi sivuki sehemu ya kumi ya mraba. Na yale macho matatu ya pembeni usiyaguse kabisa, akiba haiyahusu.

Fundi ameniandikia linki ya WhatsApp yote kwa herufi kubwa. Ni ushamba?

Ni ujanja. `https://wa.me/` pamoja na namba ya tarakimu 12 ni herufi 26. Kwa herufi ndogo inaijaza pomoni QR ya 25 kwa 25 ya kiwango M, ambayo nafasi zake ni 26 kamili. Lakini QR ina jedwali fupi la alama 45: tarakimu, herufi kubwa, nafasi na alama chache kama nukta na mkwaju. Ukibaki ndani yake, alama mbili zinakaa kwenye biti 11, yaani visanduku 11, badala ya 16. Saizi haibadiliki, ila sasa kiwango Q kinaingia. Tahadhari: kwenye tovuti nyingi maneno yanayofuata baada ya jina la tovuti hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Jaribu kwanza.

Picha inaingia ndani ya QR?

Mwisho wake ni baiti 2,953, tena kwa saizi kubwa kabisa na kiwango L. Weka linki ya picha.

QR kwenye risiti zetu inasomeka siku nyingine, siku nyingine haisomeki. Karatasi ni ya milimita 58.

Printa nyingi za risiti huchapa nukta 8 kwa kila milimita. Tuseme QR yenu ni 45 kwa 45; ongeza ukingo mweupe wa visanduku vinne kila upande, jumla 53. Programu ikiambiwa upana uwe milimita 25, hizo ni nukta 200, nazo hazigawanyiki sawasawa kwa 53: visanduku vingine vinapata nukta tatu, vingine nne, mraba unakwenda upogo. Halafu kichwa cha printa kikichafuka kidogo, simu inashindwa. Mwambieni mtu wa programu aweke nukta 212, yaani nne kwa kila kisanduku. Upana wake ni milimita 26.5, karatasi inautosha.