Kwa aliyefiwa na mwenzake wa kazini

Mkuu, pole sana. Umeandika kwamba mwenzako wa kazini alifariki ghafla, akazikwa siku hiyohiyo baada ya Adhuhuri wewe ukiwa umekwama kwenye foleni ya Mandela, na sasa ukinyong'onyea nyumbani unaulizwa "kwani alikuwa ndugu yako?" Waliotangulia kukujibu wamekushauri usali na ujichanganye na watu. Sina ugomvi nao. Ila naona hawajakigusa kinachokuuma: kwenye misiba yetu kila mtu ana nafasi yake, isipokuwa rafiki.

Tazama msiba wowote hapa Dar. Wafiwa wako ndani, wamekalia magodoro. Baba wadogo na wajomba wanapanga mazishi. Wanawake wa ukoo na majirani wako kwenye masufuria, vijana wa mtaa wako chini ya turubai na karata zao, wanabishana Simba na Yanga. Wewe uliyekuwa unakaa na marehemu kutwa nzima, unayejua chai yake anaitaka na sukari kiasi gani, unaandika jina kwenye daftari la rambirambi, unakaa kiti cha nyuma, jioni unaaga kuwahi gari. Hata sheria haikutambui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 4 za likizo yenye malipo kwa aliyefiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Mtu wa meza ya pili hayumo. Kwa hiyo kesho yake uko ofisini, wateja wanapiga simu kumuulizia, na wewe ndiye unayewapa taarifa, mmoja baada ya mwingine.

Wa kwangu alikuwa mtu wa Mbinga. Tulifanya naye kazi miaka mingi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Aliugua muda mfupi, akaondoka. Tulimuaga Tabata, kisha safari. Viti vya Coaster vilikuwa vya ukoo, na ni haki yao. Nadhani turubai lilishashushwa kabla hawajafika Makambako. Hilo ndilo gumu la mji huu. Tunaishi na watu hapa, wanakwenda kuzikwa kwao, na sisi tunaobaki hatuna hata kaburi la kwenda kusimama. Wewe angalau kaburi lake liko hapa mjini. Hukuwahi mazishi, lakini siku yoyote unaweza kwenda ukamsalimia, hakuna atakayekuuliza wewe ni nani.

Mimi kilichonisimamisha ni mchezo, ule wa kuchangiana fedha na kupokezana kwa zamu. Pale ofisini tulikuwa tunacheza kila mwezi na zamu yake ilikuwa haijafika. Kukawa na mvutano: wengine wanasema familia irudishiwe alichokwisha kutoa, jina lifutwe, maisha yaendelee. Kijumbe wetu, yaani msimamizi wa mchezo, mama mmoja wa uhasibu asiyependa maneno mengi, akakataa. Jina linabaki, sehemu yake tunagawana kuilipa, zamu ikifika hela yote inakwenda kwa mkewe. Nikajitolea kukusanya. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nilikuwa nalisoma jina lake mbele za watu, na watu wanatoa.

Zamu ilipofika tukaenda na kijumbe kwa shemeji. Alizihesabu zile hela, halafu akaomba daftari. Akawa anapitisha kidole kwenye saini za mumewe, akafika pale nilipoanza kusaini mimi, akarudi tena juu. "Yaani hata huku alikuwa anasaini ovyo hivi?" Tukacheka. Tukamsema mpaka jioni, hasa vile alivyokuwa hakubali kushuka bila chenji yake ya shilingi mia, konda anafoka, abiria wanafoka, yeye kimya ameshika mlango. Shemeji hakuwahi kumwona hivyo. Nyumbani alikuwa mtu wa kuachia kila kitu.

Ndiyo maana nakwambia tafuta kitu chake kilichobaki mikononi mwako ukimalize. Msibani hutangazwa kwamba anayemdai marehemu au anayedaiwa naye awaone wanafamilia. Wewe usiishie kwenye fedha. Kuna faili alilokuwa analishughulikia, kijana aliyekuwa anamfundisha kazi, picha za ofisini ambazo kwao hawana. Chukua mojawapo. Haitakuondolea uchungu, ila utakuwa na shughuli ndani ya msiba badala ya kuutazama kutoka nje.

Hizo hatua tano za huzuni ulizosoma, zisikusumbue. Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alipoziandika mwaka 1969 alikuwa anazungumzia wagonjwa wanaokabili kifo chao wenyewe. Kwa wafiwa zilikuja kuhamishiwa baadaye. Kwamba jana ulicheka na leo umelia chooni haina maana umerudi nyuma. Na wanaokwambia "kazi ya Mungu haina makosa", wasamehe. Sibishani na neno lenyewe, nabishana na mtu anayelitamka huku anatazama saa.

Jambo jingine dogo: laini isiyotumika muda mrefu hugawiwa mtu mwingine. Namba ya rafiki yangu ilikuja kuibuka na picha ya dada amebeba mtoto, nikaduwaa katikati ya Kariakoo. Kama una sauti yake kwenye simu, ihamishie mahali salama sasa hivi.

Unauliza kama unaumwa. Kwa mwezi mmoja na ushee, hapana, huo ni msiba. Shirika la Afya Duniani linaihesabu huzuni ya kufiwa kuwa ugonjwa pale inapozidi miezi 6, ikavuka mno desturi za jamii yako na kukushinda kuendesha maisha. Lakini kama huli, hulali, au mawazo ya kujidhuru yanakupitia, usingoje miezi: nenda hospitali leo na mtu wako mmoja. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na kukaa foleni pale hakukufanyi kichaa.

Mwisho, arobaini ya mwenzako. Unasema wewe ni Mkristo na unaona utakuwa umevamia. Nenda. Utakaa na wanaume wenzako, wakisoma utatulia, pilau ikiletwa utanawa na kula kama wengine. Mtafute baba yake au kaka yake, mwambie mlikuwa mnakaa meza jirani, uone kama hawatakuvutia kiti. Bahasha mkabidhi yeye. Mjane bado yuko eda, kwa hiyo usiombe kuonana naye. Mpe wifi yake salamu, zitafika.