Maswali ya Wasomaji: Buti la Sivijointi Limechanika

SWALI: Nina Prado J120 ya mwaka 2006. Grisi imetapakaa ndani ya rimu ya mbele kushoto, na buti (mfuko wa mpira) la nje la sivijointi, yaani jointi ya shafti inayozungusha tairi, limechanika kwenye mkunjo. Gari halitoi mlio wowote. Fundi anasema ninunue shafti nzima. Je, naweza kubadili buti tu, tena nyumbani? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Unaweza, na usinunue shafti kabla ya kuikagua uliyo nayo. Jointi inayolia ta-ta-ta ukikata kona huku umekanyaga mafuta imeshalika, na buti jipya haliiponyi. Isiyolia ina nafasi kubwa ya kupona, ila usiiache wiki nyingi. Vumbi likichanganyika na grisi linasaga gololi na njia zake kama msasa.

Nunua mabuti mawili, la nje (upande wa tairi) na la ndani (upande wa difu, kisanduku cha gia kinachogawia magurudumu nguvu). Kwenye shafti hii jointi ya nje haitolewi, kwa hiyo buti la nje huingizwa kutokea upande wa ndani. Ukishafika huko, kurudisha buti la ndani lililozeeka ni kujitafutia kazi ileile mwakani. Nunua pia klempu zote nne, pini mpya ya nati ya habu (kitovu cha gurudumu) na oili sili ya difu (mpira unaozuia oili kuvuja).

Legeza nati ya habu gari likiwa bado chini, na mtu akikanyaga breki. Toa kifuniko, pini na kofia yake, kisha tumia soketi ya milimita 35 na mpini mrefu. Sasa piga jeki, weka stendi chini ya chesi, toa tairi, na mwaga oili ya difu ya mbele. Fungua kalipa ya breki uifunge juu kwa waya; isining'inie kwenye hosi yake. Achanisha waya wa ABS (breki zisizofunga tairi) na tai rodi (fimbo ya usukani), halafu fungua bolti mbili zinazoshika bol jointi (kiungo cha mpira wa chuma) ya chini. Habu yote itasogea nje na ncha ya shafti itachomoka. Ikigoma, rudisha nati usawa na ncha ndipo ugonge kwa nyundo ya plastiki, vinginevyo utaharibu nyuzi.

Upande wa difu ndipo wengi wanapokosea. Wanavuta shafti yenyewe, jointi ya ndani inaachana ndani ya buti, na kipande cha ndani kinabaki kwenye difu. Weka mtaimbo kati ya difu na bakuli la jointi (ganda la chuma la jointi ya ndani), usukume bakuli lenyewe, bila kugusa mdomo wa sili.

Shafti ikiwa mezani, pima kwanza urefu kutoka buti hadi buti na uuandike. Kata klempu, rudisha buti la ndani nyuma, na weka alama ya rangi kwenye bakuli, kwenye kiini cha jointi na kwenye shafti. Ndani utakuta ama roli tatu ama gololi sita kwenye kizimba, kutegemea jointi iliyofungwa. Vyovyote iwavyo, kila kipande kirudi mahali pake na upande wake uleule. Toa ringi ya kuzuia, gonga kiini kitoke kwa kipande cha shaba, na mabuti yatachomoka.

Osha kwa mafuta ya taa, kisha kausha kabisa, hasa jointi ya nje usiyoweza kuifungua; mafuta ya taa yakibaki yatayeyusha grisi mpya. Izungushe huku ukimulika tochi. Ukiona vishimo au mikwaruzo inayokwama kwenye ukucha, hapo fundi wako ana haki: badili shafti.

Zungushia utepe kwenye meno ya shafti yasichane buti jipya. Vaa klempu kubwa, buti la nje, klempu ndogo, halafu za buti la ndani kwa mpangilio wake. Klempu iliyosahaulika maana yake ni kufungua upya. Grisi iwe ileile iliyokuja na mabuti. Mara nyingi pakiti huwa mbili tofauti: nyeusi yenye molibdeni ni ya nje. Tumia pakiti nzima, sehemu kubwa ukiishindilia katikati ya gololi na iliyobaki ndani ya buti. Kabla ya kukaza klempu, rudisha ule urefu ulioandika, na penyeza bisibisi nyembamba butu chini ya mdomo mdogo ili hewa itoke. Buti lililovimba au kunyonywa ndani halidumu.

Unaporudisha kwenye difu, uwazi wa ringi ya ncha uangalie chini, na usukume mpaka usikie imeingia. Bolti za bol jointi ni nyutoni mita 160, nati ya habu 235, nati za tairi za rimu za aloi 112. Jaza oili ya GL-5 75W-90 mpaka ifurike kwenye tundu la kujazia, gari likiwa sawa.

SWALI: Duka linauza buti la kugandisha kwa gundi, halihitaji kufungua shafti. Linafaa? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Linafaa kukufikisha nyumbani tu. Tone moja la grisi kwenye mshono linatosha gundi isishike. Hosi klipu (klempu ya kukaza kwa skrubu) nayo tusingeifunga kwenye jointi ya nje: kichwa chake kinachomoza na kinaweza kugonga vitu vya jirani.

SWALI: Nimeinua gari kwa springi ndefu, na sasa mabuti ya mbele hayadumu. Kwa nini? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Shafti sasa inakaa kwa pembe kali muda wote, hata barabara ikiwa tambarare. Mikunjo ya upande mmoja inasuguana kila mzunguko mpaka inakatika. Buti la bei kubwa litachelewesha tu. Punguza urefu wa springi, au fungia vipande vya kushusha difu ya mbele ili pembe ipungue.

SWALI: Naweza kuendesha shafti ikiwa imetolewa? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Hapana. Ncha ya shafti na nati yake ndizo zinazobana beringi ya habu. Usiteremshe hata uzito wa gari juu ya tairi hilo kabla ya kukaza.