Kanuni za mtaalamu zikae wapi: ndani ya msimbo au nje yake?

Ndugu uliyeuliza, unasema timu yenu ya waandishi wa programu imeongezewa mtaalamu wa ontolojia (yaani anayeziandika dhana za fani na uhusiano wake kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuitumia), mnajenga mfumo wa kutoa ushauri wa kiufundi, na tayari mmegawanyika: wengine wanataka kanuni zote ziandikwe moja kwa moja ndani ya msimbo, wengine wanataka zitengwe kwenye hazina yake ya maarifa. Mvutano huo nimeupitia katika mradi wa mfumo wa kutambua hitilafu za pampu kiwandani, na ulitugharimu miezi mingi, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe.

Msimamo wangu ni kwamba kanuni zitengwe, lakini zikishatengwa zifuate nidhamu ileile inayofuatwa na msimbo: matoleo, majaribio na ukaguzi wa mtu wa pili. Timu nyingi hufanya nusu ya kwanza na kuiacha ya pili, kisha hushangaa hazina ya maarifa inapogeuka kuwa kichaka ambacho hakuna anayethubutu kukigusa.

Fundi mkuu tuliyepewa alikuwa ameshika pampu kwa zaidi ya miaka 20. Katika kikao cha kwanza nilimuuliza, "Mzee, unatofautishaje pampu inayofyonza vibaya na pampu ambayo beringi yake imechakaa?" Akanijibu, "Kijana wangu, ile ya kwanza inatafuna changarawe." Niliandika maneno hayo daftarini nikidhani ni tamathali tu ya usemi, kumbe yalikuwa maelezo sahihi ya kinachotokea. Presha ya upande wa kufyonza ikishuka mpaka chini ya presha ya mvuke wa kimiminika chenyewe, viputo vya mvuke huzaliwa, na vinapoingia sehemu yenye presha kubwa huporomoka ghafla, hivi kwamba pampu hutoa mlio wa kokoto na mapanga yake huanza kuliwa vijishimo vidogo vidogo.

Mwandishi wetu wa programu aliomba kiwango cha presha ambacho chini yake tatizo huanza, fundi akamtajia namba, na namba hiyo ikaingia kwenye msimbo kama sharti la mstari mmoja. Ilifanya kazi vizuri kwenye pampu za maji baridi. Tulipoupeleka mfumo kwenye pampu za maji ya moto, ukawa unanyamaza huku pampu zikinguruma, kwa sababu presha ya mvuke wa maji ni takriban kilopaskali 2.3 kwenye nyuzijoto 20, lakini hufika takriban 47 kwenye nyuzijoto 80. Fundi alilijua hilo kwa mikono yake, ila hatukumuuliza namba ile inatoka wapi na inakoma kuwa kweli wakati gani. Msimbo ulihifadhi namba na ukapoteza sababu yake, na aliyekuja kuurekebisha baadaye hakuwa na njia ya kujua kwamba sababu iliwahi kuwepo.

Kwangu mimi, hoja nzito ya kuyatenga maarifa iko hapo, wala si urahisi wa kubadilisha kanuni bila kujenga programu upya, kama inavyodaiwa mara nyingi. Kanuni iliyoandikwa kwenye hazina yake inaweza kubeba pamoja nayo dhana inazozitegemea, sababu yake, mipaka yake na jina la aliyeithibitisha. Tulipoiandika upya, ilisema kwamba pampu iko hatarini pale presha ya kufyonza inapokaribia presha ya mvuke ya kimiminika kilichomo katika joto lililopo, na hesabu ya presha ya mvuke yenyewe ikabaki ndani ya msimbo kama kazi ya kawaida ya kukokotoa. Fundi aliisoma, akaongeza neno moja kuhusu chujio lililoziba, akaikubali. Ule mstari wa zamani asingeweza kuusoma.

Jambo la pili litawakuta mapema zaidi, nalo ni maana ya kukosekana kwa taarifa. Mwandishi wa programu amezoea hifadhidata, ambamo kisichoandikwa huchukuliwa kuwa hakipo. Mtu wa ontolojia anayetumia OWL, lugha ya kuandikia ontolojia iliyopitishwa mwaka 2004 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, amezoea kinyume chake: kisichoandikwa hakijulikani tu, na hakuna ruhusa ya kukihesabu kuwa si kweli. Watu hawa wawili wanaweza kukaa meza moja mwezi mzima, wakatumia maneno yaleyale, bila kugundua kwamba hawaelewani. Kwetu kihisi kimoja cha presha kilichomoka waya, kipimo kikaacha kuja, msimbo ukaona hakuna presha iliyo chini ya kiwango, na skrini ikaandika kwamba pampu ni nzima. Hapakuwa na hitilafu kwenye kanuni wala kwenye msimbo ukivitazama kimoja kimoja, kosa lilikuwa kwenye maungio.

Tulilitatua kwa kugawa kazi waziwazi. Swali la kama taarifa zimetimia tuliliweka kwenye SHACL, kiwango cha W3C cha mwaka 2017 kilichotengenezwa kwa ajili ya kukagua data, na kutoa hitimisho tuliliacha kwenye ontolojia na kanuni. Halafu kila jibu linalovuka kutoka hazina ya maarifa kwenda kwenye programu likalazimika kuwa na hali tatu: ndiyo, hapana, haijulikani. Waandishi wa programu walilalamikia hali ya tatu kwa wiki kadhaa, kwa kuwa inaongeza matawi kila mahali, lakini mafundi waliipenda tangu siku ya kwanza, maana "haijulikani, kagua kihisi" ni ushauri ambao wao wenyewe hupeana kila siku.

Umeuliza pia timu mbili zifanye kazi pamoja kwa njia gani. Kilichotuunganisha sisi ni maswali. Michael Grüninger na Mark Fox wa Chuo Kikuu cha Toronto walipendekeza mwaka 1995 kwamba ontolojia ianze na orodha ya maswali ambayo ni lazima iweze kuyajibu. Wahandisi wengi wa maarifa huyaandika kwenye waraka, waraka ukafungwa kabatini. Sisi tuligeuza kila swali kuwa jaribio linaloendeshwa lenyewe kila mtu anapoingiza mabadiliko kwenye Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, yawe ya msimbo au ya kanuni. Swali likiwa "ni dalili zipi zinazotofautisha ufyonzaji mbovu na beringi iliyochakaa?", tunaandaa pampu ya mfano yenye vipimo vyake, jibu analolitarajia fundi, na hata jibu ambalo halitakiwi kutokea. Hili la mwisho lilitufaa kuliko yote, kwa sababu kanuni mpya mara nyingi haiharibu jibu la swali lake, huharibu jibu la swali la jirani.

Kwa wanaodhani majaribio ya namna hiyo ni anasa, wautazame mfumo wa XCON. John McDermott wa Carnegie Mellon aliuanza mwaka 1978 kwa ajili ya kampuni ya Digital, kazi yake ikiwa kupanga vipande vya kompyuta za VAX kulingana na oda ya mteja. Ulifanikiwa sana, na mafanikio hayo ndiyo yaliyouongezea kanuni hadi kufikia maelfu, huku bidhaa zikibadilika kila mara na kila mabadiliko yakidai kanuni ziguswe tena. Kuutunza kukawa mzigo, mpaka ikabidi upangwe upya kwa utaratibu mkali zaidi.

Kuhusu maelezo ya majibu sitarefusha: hakikisheni kila hitimisho linataja kanuni zilizolizaa na vipimo vilivyotumika. MYCIN, mfumo wa Stanford wa kushauri kuhusu maambukizi ya bakteria, iliweza kumweleza daktari kwa nini inauliza swali fulani tangu miaka ya 1970, hivyo mfumo wa leo hauna kisingizio. Fundi akiona ushauri usio na sababu huufuata mara ya kwanza tu, ukimkosesha hatarudi kuutazama.

Si kila kitu kinastahili kuhamia kwenye hazina ya maarifa, na hapa nawaunga mkono wale wa upande wa msimbo. Mpangilio wa hatua, kujaribu tena mtandao unapokatika, hesabu na ruhusa za watumiaji, vyote hivyo viacheni kwenye programu. Kipimo ninachokitumia ni kumwuliza mtaalamu wa fani kama angeweza kubishana na sentensi hiyo. Akiweza kubishana nayo, hayo ni maarifa yake na yakae mahali anapoweza kuyasoma. Asipokuwa na la kusema, ni mambo yetu sisi.

Anzeni na uamuzi mmoja tu, ule unaomsumbua mtaalamu wenu mara nyingi zaidi. Kaeni naye mtu wa ontolojia na mwandishi wa programu kwa pamoja, msimtume mmoja akamwakilishe mwenzake, na mwombeni awasimulie visa vitatu ambavyo yeye mwenyewe alikosea mwanzoni kabla ya kupata jibu. Visa hivyo vitatu ndivyo viwe majaribio yenu ya kwanza, yaandikwe kabla ya kanuni hata moja.